Kijibwa cha Imelda kilichogoma kutoka nje usiku: yaliyonikuta Ujiji miaka ya wakimbizi

Wakuu, heshima zenu.

Juzi nimesoma humu uzi wa jamaa wa Dar analalamika kwamba kanunua kijibwa cha Kizungu, kile cha manyoya mengi kinachobebwa kwapani, na kila akiamka anakuta mkojo chumbani. Komenti karibu zote zinamwambia amchape, au amsugue pua kwenye mkojo wake mpaka akome.

Nilipita kimya. Ila usingizi ukagoma, nikaona bora niandike.

Hili limenikuta mwenyewe na sitaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, hata mimi mwanzoni nilicheka.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi wa Burundi wanaingia kwa maboti usiku na mchana. Watu wa Kigoma wa rika langu hawahitaji maelezo. Unaamka unakuta ufukweni pamejaa magodoro, sufuria, mbuzi wawili watatu, na watoto wamelala juu ya mabegi.

Mimi ni Muha wa Kidahwe. Nilikuwa kijana, nimekuja mjini kutafuta maisha, nikapata kibarua cha kupakia mizigo kwenye malori yaliyokuwa yanawapeleka wakimbizi kambini. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo nilikuwa pia nasaidia kuongea nao.

Siku moja lori limeshajaa, injini inanguruma, karani anapiga kelele kwamba wanyama hawapandi. Dada mmoja mwembamba akainama kutoka juu ya lori, akanipakatisha kitu kilichofungwa kwenye kitenge.

"Kaka, ndakwinginze, nakusihi, nitunzie. Anaitwa Bijou. Mimi Imelda. Nitarudi."

Lori likaondoka. Nikafungua kitenge.

Mbwa!

Mdogo kuliko paka, mweupe, manyoya yamefunika macho. Nilibaki mdomo wazi katikati ya vumbi. Kwetu Kidahwe mbwa ni wa kuwindia. Analala nje, anakula makombo, na hana jina la Kifaransa.

Wenzangu wakaniambia nimwache palepale. Nikashindwa. Yule dada alisema "nitarudi" akiwa ananiangalia usoni, na mimi nimelelewa kwamba kitu cha mtu ukishakipokea ni amana.

Sasa tatizo. Nilikuwa nimepanga chumba Ujiji, kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mjane, muuza dagaa, mtu wa swala tano. Nyumba tulikuwa tunaishi wawili tu, yeye chumba cha mbele na mimi cha nyuma, katikati korido, na nyuma ua wenye choo. Wenye kujua dini ya Kiislamu mnaelewa. Mbwa akikugusa na majimaji yake ni kuosha mara saba, na mara moja kati ya hizo ni kwa udongo.

Nikaingia na Bijou kifuani.

"We Muha, hicho nini?"

"Shikamoo mama. Ni mbwa."

"Marahaba. Najua ni mbwa, sijapofuka. Anafanya nini kwenye nyumba ninayoswalia?"

Nikamweleza. Asubuhi hiyohiyo na yeye alikuwa ufukweni anagawa uji kwa watoto, kwa hiyo alishawaona wale watu.

"Atakaa chumbani kwako," akasema. "Mchana uani, usiku chumbani. Lakini akikojoa ndani ya nyumba yangu, anaondoka. Umenisikia?"

"Nitamfundisha mama, usiwe na wasiwasi."

Hapo naahidi kama mtu aliyewahi kufundisha mbwa!

Jambo la kwanza nililofanya ni kukifua kile kitenge. Kilikuwa kinanuka vibaya. Nikakifua kwa sabuni, nikakianika, nikakikunja, nikakiweka chini kabisa kwenye begi langu ili mwenyewe akirudi akikute safi. Kikumbukeni hicho kitenge.

Basi, mchana Bijou hakuwa na shida yoyote. Anatoka uani, anajisaidia pembeni kwenye majivu, anarudi kivulini. Nikajisifu moyoni kwamba kazi imekwisha.

Usiku ndiyo ukaja msiba.

Usiku wa kwanza akakojolea shati langu. Usiku uliofuata, shuka. Nikaficha shuka, akavuta taulo kutoka kwenye kamba akakojolea hilo. Sakafu ya saruji ipo wazi tupu, haigusi. Lazima atafute kitambaa. Nikasema huyu ana kiburi cha mjini, huyu.

Nikaamua nimtoe kabla ya kulala. Nikambeba hadi uani, nikamweka chini.

Wakuu, miguu yake ilipogusa udongo tu alilala chini kifudifudi kama amepigwa. Akawa anatetemeka mwili mzima. Hakulia, hakubweka. Nilipofungua mlango akapita kati ya miguu yangu kama mshale, na kufika chumbani nikakuta anakojolea soksi.

Ndipo nikagundua kitu kingine kilichonishtua. Tangu nimpokee sikuwahi kumsikia akibweka. Hata mara moja! Kuku wanampitia puani, paka wa jirani anamtukana ukutani, yeye kimya.

Jamaa mmoja tuliyekuwa tunapakia naye mizigo akanipa ushauri huuhuu wenu wa kumsugua pua. Nilijaribu kumshika, akafumba macho na kulegea kabisa, kama anasubiri. Nikamwacha.

Nikaja na akili nyingine. Nikasema leo nalala naye nje, atachoka mwenyewe. Nikatandika mkeka uani, nikajifunika koti. Bijou akaingia ndani ya shati langu akajikunyata tumboni, na alikaa humo usiku kucha bila kutikisika. Nilikuwa nausikia moyo wake unavyodunda. Nikajiambia safari hii nimeshinda, maana lazima mkojo umbane, na ukimbana atakojoa palepale.

Ikaadhiniwa alfajiri, giza bado. Bi Zuhura akafungua mlango wa nyuma kuja kutia udhu.

Bijou akachomoka shatini, akamruka mama wa watu mguuni, akaingia korido. Na kwenye korido, wakuu, Bi Zuhura alikuwa ameshatandika mswala wake.

Sitaki hata kusimulia. Ukelele aliopiga ulimwamsha jirani wa upande ule na wa upande huu. Nilitamani ardhi ipasuke. Alichukua ndoo na mchanga wa ziwani, akaosha ule mswala mara saba kama dini inavyotaka, na mara zote hakunitazama.

Alipomaliza akasema neno moja. "Kesho."

Maana yake kesho Bijou aondoke. Na pa kumpeleka hapakuwepo ila Kidahwe kwa kaka yangu, mwenye mbwa wanne wa kuwindia nguruwe pori. Wale wangemmaliza kabla hajashuka mkononi. Siku ile nilipakia mizigo nikiwa sijielewi, nawaza nitamwambia nini yule dada.

Jioni narudi nyumbani, namkuta yule dada amekaa kibarazani!

Imelda mwenyewe. Alikuwa amepewa kibali cha kuja mjini hospitali, gari la kuwarudisha kambini linaondoka asubuhi, na alikuwa ameulizia mpaka akaelekezwa kwa "yule Muha mwenye mbwa". Bijou alipomwona alichanganyikiwa. Alimzunguka, akamlamba mikono, akajiviringisha chini. Na yote hayo bila sauti.

Bi Zuhura alikuwa na hasira na mbwa, siyo na mgeni. Alisonga ugali, akaunga samaki wa ziwani, mgebuka, akamtandikia Imelda chumbani kwake mwenyewe.

"Usiku wa leo mbwa alale na mwenyewe humuhumu," akasema. "Hayo mengine kesho."

Tulipomaliza kula, Imelda akauliza, "Kaka, kitenge changu kipo?"

Nikakimbilia begini kwa mbwembwe. Nikamletea kitenge kinanukia sabuni, kimekunjwa utadhani kimetoka dukani.

Akakishika, akakinusa, akaweka mkono mdomoni.

"Umekifua?"

"Nimekifua vizuri kabisa, dada."

"Kaka, hicho ndicho choo chake."

Wakuu, tulicheka! Bi Zuhura alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Mimi amana nimeitunza, kumbe nimemficha mbwa wa watu choo chake begini, halafu namlaumu! Tulicheka mpaka tukagundua Imelda hacheki. Tukaenda kulala.

Usiku wa manane nikagongewa mlango.

"Muha, amka. Mgeni ana shida."

Nikatoka. Imelda amesimama mbele ya mlango wa nyuma, mkono upo kwenye komeo, na hafungui. Bijou yuko nyuma ya kisigino chake. Bi Zuhura anamwambia kwa upole kwamba choo ni palepale uani, hakuna mbwa mkali, hakuna nyoka.

Imelda akageuka. Akaongea na mimi kwa Kirundi ili nimweleze mama, maana alikuwa anaona haya.

"Mwambie naomba beseni."

Nikaeleza. Bi Zuhura akauliza, "Anaumwa?"

Hapo ndipo aliponiambia, amesimama vilevile na mkono kwenye komeo.

Kule kwao Bujumbura, mtaa wao ulipochafuka, jua likizama hakuna aliyefungua mlango. Choo chao kilikuwa uani kama hiki. Usiku mmoja mume wake alibanwa, akasema anatoka mara moja tu. Hakurudi. Asubuhi ndipo Imelda alipomkuta uani, ameuawa.

"Alikwenda choo tu," Imelda akasema. "Choo tu."

Baada ya hapo yeye alitumia beseni, na mbwa akawekewa kitenge. Bijou alizaliwa humohumo, chini ya kitanda, mama yake akafa akiwa bado ananyonyesha. Kila Bijou alipotaka kulia usiku, Imelda alimziba mdomo. Kila aliposogelea mlango, alimvuta nyuma. Sauti moja ingewaleta wauaji.

"Nilimfundisha mwenyewe," akasema. "Alielewa haraka sana."

Hata leo naandika hapa mwili unanisisimka. Nilikuwa nimehangaika kumfundisha mbwa nikidhani hajafundishwa, kumbe amefundishwa kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumwona. Na mwalimu wake alikuwa amesimama mbele yangu, mtu mzima, anaogopa kwenda msalani.

Nilimtafsiria Bi Zuhura yote.

Bi Zuhura hakusema pole. Aliingia chumbani akatoka na kandili, akawasha, akajifunga kanga kiunoni. Kisha akauondoa mkono wa Imelda kwenye komeo, akaushika yeye, na akafungua mlango kwa mkono wake mwingine.

"Mwanangu, hapa ni Ujiji. Huko nje ni uani kwangu tu. Natangulia mimi."

Wakatoka. Imelda alikuwa anatembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Mimi nilibaki mlangoni, na Bijou akabaki kizingitini, anaiangalia ile taa ikienda.

Wakaingia chooni, wakatoka. Imelda alipotoka alisimama katikati ya ua. Akaangalia juu, akaangalia huku na huku. Hakuna kilichotokea. Kuku mmoja tu aligeuka bandani.

Akaita taratibu, "Bijou, ngwino."

Bijou akavuka kizingiti. Tumbo linaburuta chini, lakini akaenda. Akafika kwenye miguu yake, akanusa udongo, akazunguka kidogo, akachuchumaa. Akakojoa mkojo mrefu sijawahi kuona kwa kiumbe cha ukubwa ule.

Bi Zuhura akainua kandili aone vizuri.

"Alhamdulillahi!" akasema kwa sauti kubwa, yule yule aliyesema kesho.

Sijui ni ile sauti, au ni yule kuku, ila Bijou akainua kichwa na akabweka.

Mara moja. Kasauti kembamba, ka kitoto.

Imelda akaruka. Kabla hata hajafikiri alishapiga magoti, mkono unakwenda kumziba mdomo. Bi Zuhura akaudaka ule mkono hewani.

"Mwache," akasema. "Mwache abweke."

Na Bijou akabweka. Alimbwekea kuku, akaibwekea kandili, akaubwekea ukuta, akanibwekea na mimi. Jirani akafoka dirishani kwamba kuna nini usiku huu, na Bi Zuhura akamjibu alale, hakuna kitu. Imelda alikuwa amekaa chini kwenye udongo, analia na kucheka pamoja, na Bi Zuhura amemshika mkono. Nilitokwa machozi, na sioni aibu kusema.

Asubuhi Bi Zuhura alileta kapu lake la dagaa, akamweka Bijou ndani, akamfunika na kile kitenge safi. Hakumwomba mtu ruhusa. Alimpandisha Imelda kwenye gari na kapu lake, na dereva alisikia kabisa kapu linabweka. Akajifanya kiziwi.

Kisha mama wa watu akarudi nyumbani, akaoga kwa mchanga wake, akaswali.

Sikumwona tena Imelda. Kama yuko hai na anasoma humu, dada, amahoro, amani iwe nawe.

Ndugu zangu, nilichojifunza ni kwamba kabla hujamwita mbwa mkaidi, ulizia kwanza nyumba aliyotoka, nani alimlea na usiku wao ulikuwaje. Kwa watu ni hivyohivyo. Jamaa wa Dar, weka fimbo chini, washa taa, toka wewe kwanza, yeye atakufuata.

Uwanja ni wenu. Wataalamu wa mbwa nirekebisheni nilipokosea, na mliokuwa Kigoma miaka ile semeni mliyoyaona. Na yule atakayeandika kwamba ningemsugua tu pua, namwomba asome tena kuanzia pale kwenye komeo.