Muuguzi Aliyeishuku Picha Nzuri

Saa mbili kasorobo asubuhi, muuguzi wa macho anafuta kioo cha simu kwa ncha ya koti lake jeupe, anavaa miwani na kumpigia mgonjwa wa kwanza.

"Shikamoo, baba. Geukia dirisha nikuone. Haya, tazama juu. Juu, baba, siyo kwangu!"

Chumba chake zamani kilikuwa stoo ya mafaili. Kina meza moja, chaja tatu na karatasi ya herufi za kupimia macho ukutani. Wenzake humwita Mama Tazama Juu, na mumewe anadai hata usingizini huwaamuru watu watazame juu.

"Mwongo huyo," anasema huku akicheka.

Jina hilo alilipata mwaka ule wa janga, kliniki ilipofungwa kwa wote isipokuwa wagonjwa wa dharura. Daktari bingwa, mzee mwenye kifua kibovu, aliamriwa asitoke nyumbani. Ikabidi wagonjwa wapige picha macho yao, muuguzi awaelekeze kwa simu, azipokee na kumtumia daktari. Kwa miezi saba alipokea picha elfu mbili na mia tatu, na bando la intaneti lilipoisha alijinunulia mwenyewe.

"Wenzangu walinicheka: ‘Dada, siku hizi umekuwa mpiga picha?’ Niliumia, lakini nilijikaza."

Kisha ikaja picha ya fundi cherehani, mama wa miaka sitini na mbili, aliyelalamika kwamba jicho la kulia linamuuma mpaka hawezi kutunga uzi. Daktari aliitazama picha akajibu kwamba jicho ni safi, apewe matone ya kulainisha, asije. Kazi ya muuguzi ilikuwa kulifikisha jibu hilo, basi.

Hakulifikisha.

"Picha ilionyesha uso mzima," anakumbuka. "Ngozi nyororo, macho meupe pe. Nikajiuliza, miaka sitini na mbili, kunyanzi hata moja hakuna? Nikasema hapa kuna namna."

Akampigia binti wa fundi, mwenye simu. Binti akamjibu bila wasiwasi kwamba simu yake hurembesha sura yenyewe.

"Zima urembo, mwanangu," muuguzi akamwambia. "Mimi namtaka mama yako kama alivyo."

Picha ya pili ilimkata maini. Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, na karibu na mboni palikuwa na doa jeupe la kidonda. Alimpigia daktari papo hapo akamwambia wamekosea, na fundi akaletwa kliniki siku hiyohiyo.

"Angekaa siku tatu zaidi, jicho lingekwenda," daktari anasema leo. "Mimi nilipitiwa. Yeye hakupitiwa."

Jicho lilipona, likabaki na kovu dogo pembeni, na fundi bado anashona. Muuguzi akisimulia habari hiyo hunyoosha mgongo kitini. Fahari yake haifichi, na ana kila sababu.

Janga limepita, lakini wagonjwa wa mbali bado wanapiga simu. Naye amebakiza miaka miwili astaafu. Aliomba apewe wauguzi wawili wa kufundisha, akakubaliwa, na wanaanza Jumatatu. Mambo ya picha na mwanga, anasema, watayashika kwa wiki moja.

"Kazi ipo kwenye kumpigia daktari na kumwambia, hapana, angalia tena," anasema. "Wakiliweza hilo, nitakwenda nyumbani na moyo mweupe."