Nguo ya Kitabu cha Moïse

Kwetu kitabu cha nyimbo hakikabidhiwi uchi. Mwimbishaji akifa, kitabu chake hushonewa nguo mpya, mahameli nyeusi yenye maua ya shanga, na siku ya kuanua matanga hupewa atakayeimbisha baada yake. Moïse Linklater alituimbishia wafu wetu kwa miaka thelathini na minane. Alipokufa yeye, ziwa likianza kuganda, hakuna aliyeuliza nguo ya kitabu chake ingeshonwa na nani.

Sarazine alikuwa mdogo wake wa kumfuata. Maua yake yalikuwa kwenye viatu vya harusi za kijiji kizima, na hata ua moja hakulichora kwa penseli. Kila mara alichukua gome la mbetula, ule mti mweupe, akalibandua tabaka kwa tabaka hadi likabaki jembamba kama ganda la kitunguu. Alilikunja mara tatu, akalitia kinywani, akafumba macho na kuling'ata. Ulimi ndio uliokuwa ukiona. Gome likikunjuliwa na kuinuliwa dirishani, mwanga ulipita kwenye alama za meno, na hapo palikuwa na ua. Kisha alilifuatisha kwa shanga juu ya kitambaa.

Lakini vuli ile daktari alimng'oa meno sita ya mwisho.

Siku tisa kabla ya kuanua matanga, Sarazine aliketi mezani na meno yake mapya ya bandia, kitabu cha kaka yake kikiwa mbele yake na jalada limechakaa. Zacharie, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ameleta samaki na hakuwa na haraka ya kuondoka. Meno yaliteleza. Gome la kwanza lilitoka limepondeka, na la pili vilevile. Zacharie aliliinua la tatu dirishani, akaligeuza huku na huku.

"Shemeji, hili ni ua au mbwa kapita na miguu ya tope?"

"Ni uso wako, shemeji. Nimekutoa ukiwa umeshanyoa."

Zacharie alicheka peke yake. Sarazine aliyatoa meno yale, akayatumbukiza kwenye kikombe cha maji. Zacharie akamkumbusha mkebe wa magome ya zamani, kwamba hamkosekani ua zuri mle ndani. Sarazine akatikisa kichwa. Kila ua mle lilikuwa na mwenyewe, la mtoto fulani, la bibi harusi fulani, na ua halivaliwi na watu wawili.

"Nilimwambia Moïse tukiwa wadogo," alisema, na bila meno maneno yake yalitoka laini kama ya mtoto. "Nilimwambia, ukitangulia wewe, kitabu chako nitakivalisha ua la kinywa changu. Sasa kinywa ndicho hiki."

Jumamosi akaja Delima, binti wa Moïse, mpishi wa shule. Kitabu kilikuwa chake sasa. Baba yake alikuwa amesema hivyo mbele ya watu. Lakini tangu mazishi hakuwa ameimba hata jikoni, na alikuja kumwomba shangazi yake kitabu wampe mtu mwingine. Alisema akifungua kinywa anasikia sauti ya baba, na yake inakwama.

Sarazine hakumbishia. Alichagua gome, akalikunja, akalikunja tena.

"Fungua kinywa."

"Shangazi, mimi sijui."

"Nani kakuambia ujue? Fungua."

Alimwekea gome kwenye jino la pembeni, akalishika mwenyewe kwa vidole viwili, akalisogeza taratibu kama mtu anayesukuma kitambaa chini ya sindano. Kila alipombonyeza kidevu, Delima aling'ata. Hapa kidogo. Hapa usiguse. Delima alifumba macho, na katikati ya kazi machozi yakaanza kumtoka. Sarazine hakuacha kusogeza. Ndipo Delima akavuta pumzi ghafla, na meno yakateleza, yakatoboa kunjo la juu.

Walilikunjua dirishani. Ua la petali nane, jembamba, lenye mishipa; na petali moja ilikuwa imetoboka, ikabaki tundu la ukubwa wa kidole gumba.

"Nimekuharibia," Delima alisema.

Sarazine alilitazama kwa muda. Maisha yake yote, katika kila kazi, alikuwa akitia ushanga mmoja wa rangi isiyolingana na mingine, kwa sababu kazi isiyo na kasoro ni ya Muumba peke yake.

"Safari hii sina haja ya kukosea kwa makusudi," alisema. "Niletee uzi."

Alishona siku saba karibu na dirisha, petali saba kwa shanga nyekundu na nyeupe. Penye tundu aliiacha mahameli iwe nyeusi, akaizungushia mstari mmoja mwembamba tu, wa buluu. Zacharie alipopita hakutania. Alivua kofia, akauliza kama kuna chai.

Siku ya kuanua matanga tulijaa nyumbani kwa Moïse, wengine tukisimama ukutani. Sarazine alileta kitabu kikiwa kimevaa, akampa Delima kwa mikono miwili. Delima alisimama nacho hadi watoto wakaanza kutazamana. Hakuna aliyemsaidia, wimbo wa kwanza haudandiwi kabla mwimbishaji hajauanza. Nilikuwa karibu, nikaona kidole gumba chake kikitembea juu ya shanga, petali baada ya petali, kikafika palipo patupu na kutua hapo, pakakitosha.

Akavuta pumzi, kama siku ile ya gome. Sauti iliyotoka haikuwa ya baba yake. Ilikuwa ya chini zaidi, na ilitetemeka, na Sarazine, aliyekuwa ameyaacha meno yake nyumbani, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipokea.