Nilivyompunguzia karani suruali mara tatu, kumbe namfichia ugonjwa wa mawazo

Wakuu, amani kwenu. Nawaandikia kutoka Kalemie. Hii nimeiona kwa macho yangu na nusu ya kosa ni langu, kwa hiyo sina sababu ya kuipamba.

Kwanza mnijue. Shule niliachia darasa la nne. Leo nina chumba changu mjini, watu wananiletea wasiwasi wao, wengine wana digrii. Nimefanya semina moja tu ya ushauri ya siku kumi, na siku ya sita mwalimu aliniomba nimsaidie kueleza wenzangu. Siringi, ndivyo ilivyokuwa.

Ila kazi hii sikuianzia kwenye semina. Niliianzia kwenye cherehani, wakati wa Zaire, abakosi, ile suti isiyo na tai, ikiwa bado vazi la kila mwenye biro, yaani ofisi.

Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, na hakuna fundi aliyenishinda kuanzia bandarini hadi kituo cha treni. Mwenye ubishi aulize wazee.

Mteja wangu mmoja alikuwa Papa Kisimba, karani wa bandari. Alihesabu watu na mizigo kwenye boti zinazoenda Moba na Kigoma, kisha akasaini karatasi ya ruhusa. Bila saini yake kamba haifunguliwi.

Akaja nimpunguzie suruali. Nikapunguza.

Baada ya mwezi na kitu akarudi na suruali ileile. Nikapunguza. Akarudi tena.

"Papa Kisimba, ni malaria?"

"Hapana. Wewe shona tu. Na koti ulibane, isionekane kama nimeazima."

Nilishona vizuri kiasi kwamba hata mimi nikikutana naye barabarani nilimwona mzima. Hapo njo penye kosa langu. Nilifurahia ufundi, mtu sikumwangalia.

Wiki hiyo mke wake, Mama Feza, akaingia na suruali mkononi. Hakusalimu. Akaigeuza ndani nje juu ya meza yangu.

"Sitwayen fundi, hesabu." Sitwayen, yaani raia, ndivyo tulivyoitana enzi zile.

"Nihesabu nini, Mama?"

"Mishono. Moja, mbili, tatu. Bwana yangu anamalizika, na wewe unamufunika na uzi. Nyumbani anasema amekula biro. Biro anasema amekula nyumbani. Nikajua iko na bibi wa pili anamulisha. Kumbe hakuna anayemulisha."

Nikahesabu. Mishono mitatu, yote ya mkono wangu.

Kesho yake nikamfuata bandarini. Nikamkuta amesimama mlangoni pa chumba cha fonie, ile redio ya kuongea na bandari nyingine. Boti ya Moba ilikuwa imeondoka asubuhi ile.

Mwenye fonie akaniambia, "Muchukue, Papa fundi. Ameniuliza mara tisa. Boti haijafika hata Mpala, kule njiani."

Nikamvuta pembeni. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba kila akisaini anaona boti inazama na wote aliowahesabu. Moyo unakimbia, mikono inatoa jasho, tumbo linajifunga. Hawezi kumeza kitu mpaka boti ifike. Na ikifika, nyingine inaondoka.

"Imeshazama hata moja uliyosaini?"

"Bado."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na moja. Njo maana naogopa. Inakaribia."

Wakuu, shikeni hapo. Mtu mwenye wasiwasi hakosi akili. Jibu zuri unalompa analigeuza sababu mpya ya kuogopa. Na kila alipouliza kwenye fonie alipata nafuu ya dakika chache, kisha hofu ikarudi imeshiba.

Nikamuuliza kazi yake inaishia wapi. Akasema kwenye kamba.

"Basi kamba ikifunguliwa, usiende fonie. Kuja kwangu."

Akaja. Nilimpa nguo kuukuu za kufumua, ili mikono iwe na shughuli. Saa sita Mama Feza alileta bukari, yaani ugali, na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, tukala watatu sahani moja. Siku ya kwanza alikula matonge mawili, akatoka kutapika. Nikafungua mdomo nimwambie awe mwanaume. Mama Feza akaniwahi.

"Muache. Amekula mawili."

Siku ya tatu alitoroka akaenda fonie. Akarudi mwenyewe, akakaa, akachukua mkasi. Hakuna aliyemsema.

Ilichukua miezi, si siku saba kama wanavyotangaza wengine humu. Na hofu haikuisha.

Kuna siku upepo ulikuwa mkali na boti ya Kigoma ilikuwa katikati ya ziwa. Alitetemeka mpaka mkasi ukamwanguka. Mama Feza akamsogezea sahani, akakaa karibu naye. Akala huku akitetemeka, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikabaki tupu.

Kesho yake tulisikia boti imefika salama. Yeye hakuwa ameuliza. Tulimwambia sisi.

Hapo nilijifunza kwamba kupona si lazima uache kuogopa. Papa Kisimba alikula akiwa anaogopa, na akaishi.

Leo nikimpokea mtu, simuulizi kwanza ana mawazo gani. Namuuliza jana alikula nini, na alikula na nani. Akinyamaza kwenye swali la pili, nimeshajua pa kuanzia. Anayenizidi nampeleka hospitali, lakini si wengi.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kumfunika mtu wake kwa nia njema aandike ilivyokwenda. Mwenye kubisha abishe pia, nasoma zote.