Bunduki ya Mariam

Juzi nilimwona msichana kwenye televisheni akilenga shabaha, nikamkumbuka Mariam, binti mkubwa wa bosi wa baba yangu huko Doha.

Alasiri moja baba, aliyekuwa dereva wao, alitupeleka mimi, Mariam na babake kwenye duka la bunduki lililonukia mafuta ya mashine na udi. Mariam alikuwa anachagua bunduki yake ya kwanza. Babake alimletea kubwa ya kuwindia. Yeye akainua nyepesi ya mashindano ya shabaha, akavuta komeo la kuingizia risasi, likateleza na kulia taratibu, kisha akaiegemeza begani na kufumba macho. Nilidhani anaomba dua. Siku hizi najua alikuwa anaipima: ukifumbua macho na kukuta jicho limekaa sawa kwenye darubini, bunduki imekufaa.

“Nataka hii, yuba,” alimwambia babake. “Hiyo inakufaa wewe.”

Niliogopa atapigwa kofi. Mzee aliipokea ile nyepesi, akaigeuzageuza, kisha akamwambia muuzaji, “Tutachukua hii.”

Tulipokwisha kuwashusha, baba aliendesha polepole kuelekea kwetu Al Mansoura, redio imezimwa. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu kwamba mimi nitakuwa nesi.

“Na wewe, mama,” aliniuliza, “ungependa kusomea nini?”