Nyabate wa Kimulot na Jua la Ukungu

Alizaliwa mwaka wa 1974 katika vilima vya Kisii, na mkunga alipomfunua aliona mtoto ana ualbino. Majirani walinong'ona waliyonong'ona. Mamake alimpa jina Janefer Nyabate, akamfunga lesoni, akaendelea na kazi. Nyabate alikua akiogopa macho ya watu. Jua hakuliogopa, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha.

Mwaka wa 1991 alimfuata mjombake huku Kimulot, akaanza kuchuma chai. Wachumaji wa huku wana desturi yao: jua likiwaka huvaa kofia, na ukungu ukishuka kutoka msitu wa Mau huivua na kuitundika kwenye kikapu, kwa vile jua limekwenda zake. Nyabate naye alivua. Jioni masikio yalimwaka, akalaumu baridi. Miaka ikapita hivyo, hadi kidonda kilipotokea kwenye kipaji cha uso na kukataa kupona. Hospitalini walisema ni saratani ya ngozi, wakakikata, na muuguzi akamweleza jambo lililomkosesha amani kabisa: miale inayoharibu ngozi haionekani, haina joto la kukuonya, hupenya mawingu, na huku juu milimani ni mikali zaidi. Wengi wetu Mungu ametutandazia rangi nyeusi ndani ya ngozi kama mwavuli. Yeye alizaliwa bila huo mwavuli.

Mwaka wa 2014 jirani yake Celine, mke wa Kipngeno, alijifungua mvulana mwenye ualbino, Kipkosgei. Hapo ndipo Nyabate alipoitwa. Hakusikia sauti wala hakuona nuru. Alishikwa na hofu tu, na katika hofu hiyo akamwahidi Mungu kwamba ngozi ya mtoto yule haitapata kidonda kama chake. Alimshonea mashati ya mikono mirefu, akamtafutia kofia pana, akapanda miti ya kivuli kando ya njia ya shule. Aliwasumbua watu, tusifiche. Kila asubuhi ya ukungu alikuwa mlangoni kwa Kipngeno.

“Mama, si unaona ukungu? Leo hakuna jua,” Kipngeno alimwambia.

“Baba Kipkosgei, siku kama hii ndiyo naogopa,” alijibu. “Likiwaka, tunalikimbia wenyewe.”

Walimwona ana kichwa kigumu. Wakati huo kidonda chake kilikuwa kimerudi, naye alikificha chini ya kitambaa ili mtoto asiogope.

Ijumaa Kuu ya 2022 waumini walifuata Njia ya Msalaba katikati ya mashamba ya chai, ukungu umetanda, wanaume na wavulana vichwa wazi kwa heshima. Kipkosgei peke yake alikuwa na kofia. Mzee wa kanisa, Onsongo, mtu mwema anayependa utaratibu, akamwinamia.

“Kijana, toa kofia. Tunaomba.”

Mtoto akatoa. Nyabate, huko nyuma, roho ilimruka. Abishane na mzee wa kanisa mbele ya msalaba, yeye aliyeogopa macho ya watu tangu utotoni? Alipita katikati yao, akafungua kitambaa chake.

“Mzee, nisamehe. Angalia hapa,” alisema. “Hiki kililetwa na jua la siku kama ya leo. Mrudishie mtoto kofia yake.”

Watu walikiona kidonda, wakainamisha nyuso. Onsongo alimvisha mtoto kofia kwa mikono yake mwenyewe, na sala ikaendelea.

Alifariki Agosti 2023. Maumivu aliyavumilia, lakini hofu haikumwachia hata siku moja. Kila aliyemtembelea alimuuliza, “Mtoto amevaa?” Wapo wanaosimulia kwamba kivuli cha miti yake humfuata Kipkosgei hadi mlango wa darasa. Kanisa halijatamka neno, nasi hatutajitanguliza. Tunasema tuliyoyaona.

Siku ya mazishi ukungu ulishuka hadi kaburini. Padre alipofungua kitabu, wanaume walivua kofia kama kawaida. Kipkosgei alibaki na yake, macho chini kwa aibu, mkono ukianza kupanda kichwani. Onsongo akamwona. Polepole akairudisha kofia yake kichwani, kisha Kipngeno akafanya vivyo hivyo, kisha wanaume wote. Tulimzika Nyabate hivyo, tumevaa.

Ngozi ya Kipkosgei haina kidonda hadi leo. Basi anayetaka kumwiga Nyabate asingoje hofu imtoke kwanza. Aogope kwa ajili ya mtoto wa jirani, na ukungu ukishuka, aende akabishe mlango.