Fundi Kahaso na Prado Iliyonyweshwa Chumvi

Jua la Kiembeni halijakolea. Kahaso Randu amesimama mbele ya boneti iliyo wazi na hagusi kitu. Anatazama tu. Injini imepoa, na hivyo ndivyo anavyoitaka. Anafungua kifuniko cha rejeta, anachovya kijiti, na kijiti kinatoka na rangi ya kutu. Kando ya kifuniko kumeganda ukoko mweupe.

"Chumvi," anasema, na uso unamkunjamana.

Prado hii ilikuja mtumba na sasa imepita kilomita laki tatu. Ni ya Bi Nasreen, mshonaji wa nguo, na ina kazi moja isiyongoja: kumpeleka mumewe, Mzee Sharif, hospitalini kusafishwa damu kwa mashine, kwa kuwa figo zake zimechoka. Gari likikwama njiani siku ya mashine, zamu inapotea, na mzee analala amevimba, pumzi zikimpaa.

Kahaso, fundi kutoka Mjambere, amejichagulia upande wa kazi usio na sifa. Mafundi wengi huitwa gari likishaharibika. Yeye hutaka kuliona likiwa zima: abadilishe oili na filta kabla ya wakati kupita, apime pedi za breki, abinye mipira ya rejeta kujua kama imelainika.

"Nikifufua gari lililokufa naitwa bingwa," husema akicheka. "Nikilizuia lisife, naulizwa, sasa wewe umefanya nini hapa?"

Kuna siku hurudi nyumbani na pesa ya mboga tu.

Leo lakini hacheki. Mwezi uliopita aliijaza rejeta hii kwa mkono wake, akatia kulanti, ile dawa ya kijani inayopoza injini na kuzuia kutu. Nani basi kaweka maji ya kisima? Visima vya huku vina chumvi hata sabuni haitoi povu, na chumvi hiyo huila rejeta kimyakimya. Bi Nasreen, aliyesimama kando yake, anaapa hakugusa.

Kikohozi kinasikika mlangoni pa nyumba. Mzee Sharif ameketi kitini, miguu imemvimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Usitafute mwizi, ni mimi."

Mzee aliendesha malori ya Changamwe tangu ujana wake. Enzi hizo dereva hakuwasha gari kabla ya kumwaga maji ya jana na kutia mapya. Mazoea hayo hayajamtoka. Kila asubuhi, mkewe akiwa ndani, alifungua koki ya rejeta, akamwaga kidogo, akaongeza ya kisimani.

"Daktari amenipimia maji, kikombe kwa kikombe. Kiu yanikaba," anaeleza polepole. "Nikasema, mimi nimekatazwa, basi na anywe huyu. Wallahi nilidhani namsaidia."

Kahaso alikuwa na maneno makali tayari. Anayameza yote.

"Kuanzia leo usiguse boneti hiyo, baba watoto!" Bi Nasreen anang'aka, na hofu imemjaa sauti kuliko hasira. Mzee anaiangalia mikono yake. Inauma kumwona dereva wa malori akinyang'anywa hata ndoo.

"Mama, usimtoe kazini," Kahaso anasema. "Mimi huja mara moja kwa mwezi. Yeye yuko hapa kila siku."

Anamwaga yaliyomo, anasuuza rejeta kwa maji safi mpaka yatoke meupe, anatia kulanti mpya. Kisha anamwita mzee na kumwonyesha mstari kwenye tangi dogo la plastiki.

"Kulanti ikishuka chini ya hapa, baba, usiongeze. Nipigie. Kazi yako ni macho: magurudumu, oili, na chini ya gari kama pamelowa."

"Macho ninayo," mzee anajibu, na mgongo unanyooka kidogo.

Kahaso anatamani kupata kibanda chake kando ya barabara ya Malindi, watu walete magari mazima. "Na benchi liwepo," anasema, "wazee waliozoea magari wakae, wawafundishe wenye magari kutazama. Inshallah, kama wasemavyo jirani zangu."

Siku ya mashine inapofika, Bi Nasreen yuko tayari kwenye usukani, funguo mkononi, akitazama saa. Mumewe hajaingia. Ameinama, mkono mmoja umeshika mlango, anachungulia chini ya injini.

"Pakavu," anasema. "Haya, washa."