Ejok Si Kuchoka

Miezi minne ya kwanza kambini Kakuma, Mathilde aliwapa pole watu waliokuwa wazima kabisa.

Alikuwa na miaka kumi na minne, ametoka Uvira na mama yake, sufuria mbili na Kiswahili cha kwao cha batu na bintu, yaani watu na vitu. Kila asubuhi mwanamke wa Kiturkana aliyeuza makaa, jina lake Emanikor, alisimama nje ya ua wa miiba na gunia kichwani, akasema, "Ejok-a?" Mathilde akasikia habari za kuchoka. Akatazama gunia, akatazama jua, akaona kweli mtu ana haki ya kuchoka. "Pole, mama," akajibu. Emanikor akamkodolea macho kama mtu aliyerudishiwa chenji ya nchi nyingine, akaenda zake.

Siku moja gunia likatuliwa chini.

"Wewe mtoto, kila siku unaniambia pole. Kwangu nani amekufa?"

"Si munasema munachoka, mama?"

"Mimi nasema ejok. Ejok ni salamu. Ejok ni mzuri. Mimi iko mzima kukushinda wewe, angalia hiyo miguu kama ya korongo."

Kisha Emanikor akacheka mpaka akakalia gunia lake mwenyewe. Akaenda kuisimulia foleni ya maji, foleni ikaisimulia soko, na kufikia jioni binti alikuwa amepata jina. Mpaka leo kuna watu Kakuma One wanaomjua Mathilde kwa jina la Pole, wala hawajui kwamba mama yake alimpa lingine. Lakini neno hilo hakulikosea tena. Dawa ya kosa la ulimi ni kuchekwa na watu unaoishi nao. Hakuna darasa linaloifikia.

Akakua. Alipofika miaka ishirini na saba alikuwa na kazi ya kompyuta, kwenye duka la intaneti, yaani saiba, la Alier, kijana wa Bor mrefu kiasi kwamba fremu ya mlango ina alama ya paji lake. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: shirika moja la afya lilikuwa na laini ya simu, mgonjwa anapiga, mashine inasikiliza na kuandika maneno yake ili muuguzi ayasome. Mathilde alipewa sauti na maandishi, alinganishe, asahihishe. Akili mnemba, waliiita. Alier aliposikia neno hilo akauliza kama kuna akili nyingine ambayo si mnemba, maana yeye tangu azaliwe hajakutana nayo.

Siku ya kwanza Mathilde alivaa vipokea sauti vya masikioni, akasikia mzee akisalimia vizuri, "Ejok-a?", na mpokeaji akijibu, "Ejok-nooi." Kwenye skrini mashine ilikuwa imeandika:

Umechoka?
Nimechoka, ndio.

Akasikiliza ya pili, ya tatu, ya kumi. Kaunti nzima ilikuwa imechoka. Mtu anapiga simu kuuliza dawa ya macho, mashine inaandika uchovu. Mashine yenye wataalamu mia na umeme wa mji mzima ilikuwa imefanya kosa lilelile la mtoto wa Uvira mwenye miguu ya korongo. Tofauti ni moja tu: mashine haikuwa na Emanikor. Hakuna aliyeicheka.

Maagizo ya kazi yalisema: neno lisiloeleweka, weka alama ya "kelele", endelea. Mathilde aliweka alama hiyo siku tatu. Siku ya nne kidole kikagoma.

Alikuwa na mwalimu aliyemfundisha kompyuta kwa njia ya mtandao, Dakta Lotiir, Mturkana wa Lodwar, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa na waya. Akamwandikia. Lotiir akajibu kwamba jambo hilo ni utafiti, na utafiti ukiwekwa mfukoni huoza. Basi wakaanza. Sauti za wagonjwa hawakuzigusa, maana ni za wagonjwa. Walitafuta watu wa kujitolea: wauzaji wa soko la Kakuma, Warundi wa Kalobeyei, madalali wa mbuzi kule Lokichar ambao wanafunzi wa Lotiir waliwakimbiza na simu mkononi. Zikapatikana rekodi elfu mbili mia moja na arobaini.

Rekodi ya kwanza ilikuwa ya Emanikor. Nywele zilikuwa zimepata mvi, gunia lilikuwa lilelile. Alikubali kwa sharti.

"Salamu yangu usikate."

"Sitakata, mama."

"Nakuambia kwa sababu nyinyi wa kompyuta mnapenda kukata. Mtu akiingia kwangu anaongea bila salamu, ni mwizi ama ameleta kifo. Mimi sitaki watu wa mbali wasikie naongea kama mwizi."

"Nimesema siikati."

"Haya, Pole. Washa."

Makala yakaandikwa, Mathilde jina la kwanza, Lotiir la pili. Yakatumwa kwa jarida la akili mnemba lenye ofisi kwenye nchi ya theluji. Miezi mitano kimya. Halafu majibu yakaja. Msomaji wa Kwanza, mmoja wa wataalamu wanaoyapima makala kabla ya kuchapishwa, aliyapenda. Msomaji wa Pili, ambaye kwa desturi za majarida hana jina wala sura, naye aliyapenda, isipokuwa kitu kimoja. Rekodi mia sita na kumi na tatu zilikuwa na salamu ambazo si Kiswahili. Hizo ni kelele, aliandika. Zikitolewa, makosa ya mashine yatashuka kutoka maneno arobaini na moja kwa kila mia hadi kumi na tisa, na makala yatakuwa safi. Zitoeni, nasi tutachapisha. Mna siku kumi na nne.

Kelele. Neno lilelile. Mathilde alilisoma akasikia masikio yakipata moto.

"Toa tu," Alier akasema, amesimama nyuma yake kama mnara wa simu. "Salamu si kitu. Mimi nasalimia watu elfu, hakuna hata mmoja ananunua soda."

"Niliahidi mama wa makaa."

"Mama wa makaa hasomi jarida."

"Ndiyo maana nisimwibie. Anayesoma atajitetea mwenyewe."

"Kalam fadi," Alier akasema, maneno matupu. Lakini akamsogezea feni.

Ukiishi kambini, Lodwar si safari, ni ombi. Mathilde alipanga foleni siku mbili kupata kibali cha kutoka, akapewa siku tatu, akafika ofisini kwa Lotiir na vumbi la barabara nzima kwenye kitambaa cha kichwa. Feni ya dari ilikuwa inazunguka kama mtu anayelazimishwa. Lotiir alikuwa amefurahi.

"Mathilde, tumeshinda."

"Tumemushinda nani, mwalimu?"

"Wamekubali. Tutoe hizo salamu, Ijumaa tunatuma, mwezi ujao nakupeleka Eliye Springs unywe soda na miguu ndani ya ziwa."

"Nikizitoa, nani atajua mashine haisikii Kiturkana?"

"Tutaandika makala ya pili. Humo tunazirudisha zote."

"Mwalimu," Mathilde akasema, na hapo aliacha Kiswahili cha heshima akachukua cha Uvira, "batu ba huku banaambiwa habari ya mara ya pili tangu lini? Shule mara ya pili. Barabara mara ya pili. Hata mvua inasema mara ya pili."

Lotiir akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mhadhiri ambaye kwa miaka tisa aliona wenzake wa vyuo vya mbali wakipanda vyeo kwa makala kuhusu Turkana, wengine bila kuijua harufu yake, na hii ilikuwa zamu yake.

"Na wakikataa?" akauliza.

"Wakatae kitu cha kweli. Afazali hivyo kuliko bakubali uongo."

Mathilde akafungua kompyuta yake, akaiwasha ile mashine ya kusikiliza ili amwonyeshe rekodi ya Lokichar. Kabla hajaipata, simu ya Lotiir ikalia. Ilikuwa mama yake, kutoka Kalemng'orok. Spika ya sikioni ya simu ile ilikufa zamani, kwa hiyo kila mazungumzo ya Lotiir ni mkutano wa hadhara. Sauti ya mama ikajaa ofisi. Akasalimia. Mwana akajibu. Akauliza watoto, mwana akajibu. Akauliza mbuzi waliobaki kwa mjomba, mwana akajibu kwa urefu unaofaa, maana mbuzi hawajibiwi kwa neno moja. Salamu zilipokwisha mama akasema alichopigia, kwamba amepata mtu wa kuleta maziwa, akakata.

Mashine ilikuwa haijazimwa. Mathilde aligeuza kompyuta upande wa mwalimu.

Umechoka?
Nimechoka, ndio.
Watoto wamechoka?
Wamechoka, ndio.
Mbuzi wamechoka?

Lotiir akavaa miwani, akasoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Mama yangu hajasema amechoka hata siku aliyozaa mapacha."

Feni ikazunguka. Lotiir akaiweka sawa ile waya ya miwani.

"Andika majibu. Lakini kwa adabu."

"Adabu ninayo. Ndiyo sababu nitaanza na salamu."

Lotiir akampigia mama yake tena kumwomba ruhusa ya kuyatumia mazungumzo yale. Mama akauliza yanakwenda wapi, akaambiwa yanakwenda ng'ambo, akasema sawa, mradi mbuzi wasiachwe.

Wanasema barua ni nusu ya kuonana. Hii ilikuwa nusu ya kupigana. Mathilde aliiandika Kakuma, kwenye saiba, kwa Kiingereza alichokijenga tofali kwa tofali miaka kumi. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi:

"Ejok. Hiyo ni salamu, na kwetu mtu hujibu kwanza ndipo husema shida yake. Msomaji wa Pili, umetuomba tutoe rekodi mia sita na kumi na tatu kwa sababu zinaongeza makosa. Makosa hayo si yetu. Watu wetu walisema sawasawa. Mashine ndiyo iliyokosea. Ukimtoa kila mtu ambaye mashine haimwelewi, mashine itakuwa inaelewa watu wote, na hilo si gumu. Hata mimi nikifunga masikio sikosei neno. Hatutatoa hata moja. Tumeongeza moja: ni ya mia sita na kumi na nne, yumo mama wa mwandishi wa pili, na mbuzi. Sasa makosa ni arobaini na moja na nukta moja kwa kila mia. Tunaomba namba hiyo ichapishwe ilivyo."

Alier aliisoma begani kwake, akapiga mluzi.

"Wewe Pole unatukana mtu hujui hata sura."

"Sijatukana. Nimesalimia."

"Watakukataa."

"Bakatae."

Akabonyeza kitufe siku ya kumi na tatu, mchana, sola ikiwa na nguvu zake zote, maana hakutaka mtu aseme ilikuwa bahati mbaya ya umeme.

Msomaji wa Pili hakujibu. Wiki saba hakujibu. Mwishowe mhariri akaandika mwenyewe: amemwita msomaji wa tatu, naye amesema namba mbaya ndiyo makala yenyewe. Yatatoka yalivyo. Mathilde alisoma bila kupiga kelele, kwa kuwa neno hilo lilikuwa limemchosha.

Usidhani vita viliishia hapo. Nakala ya mwisho ilipoletwa aikague kabla ya kuchapwa, alifungua ukurasa wa kwanza akakuta kitu cha ajabu. Programu ya jarida la kusahihisha tahajia, nayo akili mnemba ya ukoo uleule, ilikutana na neno ejok ikaona limepinda. Ikalinyoosha. Kila palipokuwa na ejok, sasa palisomeka "joke", yaani mzaha kwa Kiingereza. Mahali themanini na saba. Jedwali la tatu lilisema wazee wa Turkana huanza mazungumzo yao kwa mzaha.

Alier alicheka akagonga fremu ya mlango upya.

Mathilde alipewa saa arobaini na nane. Alirekebisha zote themanini na saba, moja moja kwa mkono, hakuiamini mashine hata kwa kazi ya kutafuta. Kwenye ya kwanza akaandika pembeni: "Makosa yetu ni 41 kwa mia. Hili ni la 42. Hapa hakuna mzaha." Kisha akaomba picha ya ukurasa ule ulioharibika iingizwe kwenye makala kama ushahidi. Mhariri, labda kwa aibu, akaikubali. Ni picha ya nne, ukibahatika kuyaona.

Makala yakatoka. Alier alichapisha ukurasa wa kwanza, akaubandika ukutani juu ya bei za kupiga picha za pasipoti. Chini ya majina, mahali pa kuandika chuo cha mwandishi, Mathilde alikuwa ameandika Kakuma One, zoni na bloku yake, kwa sababu ndiko alikosomea.

Emanikor akaja na gunia. Alisikia sokoni kwamba sauti yake imefika ng'ambo, akataka kuona.

"Mimi iko wapi?"

Mathilde akaweka kidole kwenye neno la kwanza la makala.

"Hapa, mama."

Emanikor akainama, akalitazama kama anavyotazama makaa, kujua kama yameiva.

"Fupi hivi?"

"Fupi hivyo."

"Na hamkukata?"

"Hatukukata. Walitaka tukate. Halafu wakataka kuligeuza. Tukakataa mara zote mbili."

Mama akaguna, ameridhika. Akanyanyua gunia, akaliweka kichwani, akafika mlangoni, akageuka na gunia lake lote.

"Na yule mtu wa pili, yule ulimsalimia kwa barua. Alijibu?"

"Mpaka leo hajajibu."

Emanikor akalisawazisha gunia kichwani.

"Basi msalimie tena," akasema, akatoka juani.